Ng'ombe Wangu Katika Kapu la Joakimu

Joakimu, mdogo wa marehemu mume wangu, alichukua ng'ombe wangu Kipaji na ndama wake, akawauza mnadani bila kuniambia, na pesa yote akaitia kwenye sarafu ya simu inayoitwa Tulivu. Nimeanza na hilo kwa sababu yeye akisimulia huanzia Ulaya. Ukimwuliza ng'ombe yuko wapi, atakueleza kwanza dola ni nini, kisha yuro, kisha yeni ya Wajapani, na mpaka arudi kwake Tumati wewe umeshasahau ulichouliza. Mimi sijasahau.

Ili mtu asidhani ninamsingizia, nitaeleza alivyo tangu mwanzo. Joakimu alizaliwa Bashay. Mama mkwe alikuwa akisema mtoto huyu alizaliwa macho wazi, na tangu siku hiyo hajawahi kuyatumia kutazama kilicho karibu. Kaka yake, yaani mume wangu, alikuwa mtu wa jembe. Joakimu ni mtu wa semina. Alikwenda semina ya sungura, akarudi na sungura sita na cheti. Sungura waliliwa na mbwa, cheti kipo ukutani mpaka leo. Akaingia kwenye kware, wakati watu walipokuwa wakisema mayai ya kware yanatibu kila ugonjwa. Wateja hawakuja, akayala mwenyewe wiki tatu, akaumwa tumbo, akanywa dawa ya zahanati. Akaja na vanila. Vanila ilipanda mti siku kumi na nne, ikaonja baridi ya Tumati, ikaacha.

Kila mara alikuwa na maelezo. Hasara ya Joakimu haijawahi kuwa kosa la Joakimu. Sungura walizembea, kware walikuja na bei mbaya, vanila haikujituma.

Utauliza, sasa mwanamke mwenye akili alimpaje mtu huyo ng'ombe? Nilimpa kwa sababu kwenye ng'ombe alikuwa mtu mwingine. Gizani alimjua ng'ombe kwa kikohozi chake. Hakuna aliyewahi kusema ng'ombe alipotelea mikononi mwa Joakimu. Semina zilikuwa wazimu wake, ng'ombe walikuwa akili yake, na mimi niliamini vitu hivyo viwili havitakutana.

Mimi naishi Endasak, upande wa mlima. Mwaka ule matope yaliposhuka, shamba langu la chini lilifunikwa na boma likaenda nayo. Nilibaki na mtamba mmoja, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, ndiyo maana nikamwita Kipaji. Nilimnunua kwa maharage ya misimu mitatu, na nilimnunua baada ya kumzika mume wangu, ili asiwepo wa ukoo atakayesema huyo ni wetu. Sikuwa na majani ya kumpa wala mahali pa kumlaza. Nikamswaga siku mbili mpaka Tumati, nikamweka kwa Joakimu.

Kwetu jambo hilo lina taratibu zake na hata mtoto anazijua. Anayekulelea ng'ombe anakunywa maziwa na kutumia samadi. Hiyo ndiyo shukrani yake. Ndama ni wa mwenye ng'ombe. Ng'ombe akiugua, mlezi anatuma habari. Akifa, mlezi anakuletea ngozi, na ngozi iwe na masikio, kwa sababu alama ya mwenye ng'ombe imekatwa sikioni. Mtu anaweza kukuletea ngozi ya ng'ombe yeyote, lakini masikio hayadanganyi. Kipaji nilimkata sikio la kushoto, mikato miwili. Na siku ya kukabidhi, hukabidhi ng'ombe, unakabidhi kamba. Nilimpa Joakimu kamba mkononi, mbele ya mkewe Restituta na mbele ya jirani yao, Mzee Hhando.

Mwaka wa pili alinipigia simu. "Shemeji, Kipaji amezaa. Jike."

Nilifurahi kama aliyezaa ni mimi. Nikaanza kujenga boma upya, nguzo moja moja, kadiri nilivyopata. Nikapanda matete kwenye kingo za shamba. Kila nguzo niliyoichimbia niliiona na Kipaji amesimama kando yake. Kazi hiyo ilinichukua masika na kiangazi, na wakati mimi nachimba mashimo, Joakimu alikuwa semina.

Hii ya mwisho ilifanyika Mbulu mjini, kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni. Aliyefundisha ni kijana aitwaye Vicent, aliyekuja na gari jeupe la kukodi. Walipewa soda, na fulana za njano zenye picha ya kapu kifuani. Vicent aliwaambia kuna kampuni imetengeneza pesa yake, haina noti, haina karatasi, inakaa kwenye simu. Wala haipandi na kushuka kama zile sarafu nyingine za mitandaoni zinazowatia watu wazimu. Hii imetulia, kwa sababu imefungwa kwenye kapu la fedha za mataifa matano. Fedha ya taifa moja ikianguka, nne zinaishikilia.

Wengine walisikia habari za pesa wakanywa soda wakaondoka. Joakimu alisikia neno "imefungwa" na moyo wake ukaruka. Maisha yake yote hakuna alichokijua vizuri kama kufunga ng'ombe.

Haya mimi niliyajua baadaye. Siku niliyokwenda Tumati kumchukua Kipaji sikujua kitu. Boma langu lilikuwa limekwisha, matete yamefika kiunoni. Nilinunua kamba mpya ya katani, nikapanda basi, kisha bodaboda, nikafika mchana. Restituta alikuwa anapepeta maharage uani. Aliponiona na kamba begani akaweka ungo chini.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Ila hiyo kamba, dada, ungeiacha kwanza nyumbani."

"Kwa nini?"

"Kaa unywe chai."

Akaniletea kikombe. Ilikuwa chai ya rangi. Nikaitazama chai, nikamtazama yeye. Nyumba yenye ng'ombe wangu mwenye ndama, mgeni anapewa chai ya rangi.

"Joakimu yuko wapi?"

"Juu ya jiwe."

"Anafanya nini juu ya jiwe?"

Restituta alichukua ungo wake. "Anachunga," akasema.

Tumati simu haishiki vizuri mabondeni. Kuna jiwe kubwa nyuma ya nyumba yao, ukipanda juu unapata mtandao. Nilipanda na kamba yangu. Nilimkuta shemeji amesimama kileleni na fulana ya njano, mkono juu, simu mkononi, kama mtu anayemwonyesha Mungu kitu.

"Shikamoo, shemeji," akasema, bila kushusha mkono.

"Marahaba. Kipaji yuko wapi?"

"Umekuja wakati mzuri. Hebu tazama hapa." Akanionyesha. Kulikuwa na picha ya kapu na chini yake hesabu ya Tulivu zake, mia nne na hamsini. "Jana ilikuwa mia nne na hamsini. Juzi mia nne na hamsini. Tangu niingie haijatikisika."

"Nimekuuliza Kipaji yuko wapi."

"Ndiye huyo, shemeji. Yeye na ndama wake."

Nilikaa chini kwenye jiwe.

"Umemuuza."

"Sikumuuza. Kuuza ni pale pesa inapoliwa. Sijala hata mia. Nimemhamisha tu. Nimemtoa kwenye boma dogo nikamweka kwenye boma kubwa."

"Boma la nani?"

"La mataifa matano." Hapo akachuchumaa, akaokota kijiti, akaanza kuchora kwenye vumbi la jiwe. "Shilingi, shemeji, ni ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi kimoja. Mvua ikinyesha sana, udongo unalainika, kigingi kinachomoka, ng'ombe anapotea. Sasa hii ina vigingi vitano. Dola hapa. Yuro hapa. Pauni. Yeni. Hii ya tano nimeisahau, lakini ipo. Atachomoaje vyote?"

Nitamtendea haki: alieleza vizuri. Mimi sikusoma, herufi nilifundishwa kwenye mafundisho ya kipaimara nikiwa mama mtu mzima, lakini nilimwelewa Joakimu kuliko nilivyowahi kumwelewa mwalimu yeyote. Ndiyo maana nikajua pa kumshika.

"Kapu lenyewe liko wapi?"

"Benki."

"Benki gani?"

"Za nje."

"Umeliona?"

"Shemeji, hata Mungu hatujamwona."

"Mungu hajamuuza ng'ombe wangu. Basi mtoe huko alikofungwa. Kamba hii hapa."

Akabonyeza simu. Akabonyeza tena. Akaanza kutazama mbali, upande wa bonde, kama mtu aliyesikia anaitwa. Nikamnyang'anya simu nikasoma mwenyewe, herufi moja moja: Utoaji umesimamishwa kwa muda ili kulinda utulivu.

"Tangu lini?"

"Si muda mrefu."

"Joakimu."

"Miezi minne."

Nilimshtaki kwa wazee. Kikao kilikaa kwenye josho, siku ya kuogesha ng'ombe, maana siku hiyo kila mtu yupo. Mzee Hhando ndiye aliyekiongoza, akiwa na koti lake zito alilofunga vifungo mpaka shingoni, na jua linawaka. Nilidhani ni uzee.

Joakimu alijitetea kwa lile lile la boma kubwa. Wazee walinong'onezana. Kisha Mzee Hhando akasema jambo ambalo nililishika na sitaliachia.

"Joakimu, kumhamishia ng'ombe wa mtu kwa mlezi mwingine si kosa kubwa, kama ulimwambia mwenyewe. Kama hukumwambia, wewe ndiye unayebaki unadaiwa, hata ng'ombe akihamishwa mara kumi. Hilo halina mjadala. Lakini tumsikie na huyo mlezi mwingine. Mpigie."

Kwenye josho hakuna mtandao. Kwa hiyo kikao kizima kilipanda jiwe la Joakimu, wazee sita na fimbo zao, mimi, Restituta, na watu waliokuja kuogesha mifugo wakaona huku kuna jambo bora zaidi. Vicent alipokea simu mara ya tatu. Joakimu akaweka sauti kubwa.

"Kijana, hujambo?" akasema Mzee Hhando.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sisi ni wazee wa Tumati. Kuna ng'ombe wetu yuko kwenu, na ndama wake. Tunataka kujua hali yake."

"Mzee, sisi hatuna ng'ombe. Sisi ni sarafu."

"Tunajua. Ng'ombe aligeuka sarafu, akafungwa kwenye kapu. Kapu hilo linazaa?"

"Linazaa kidogo, mzee. Fedha zikikaa benki zinapata riba."

"Vizuri. Hiyo riba ndiyo ndama. Ndama ni wa nani?"

"Riba ni ya kampuni. Kwa ajili ya uendeshaji."

Watu waliguna. Mzee Hhando alimtazama Joakimu, akarudi kwenye simu. "Na maziwa?"

"Maziwa gani, mzee?"

"Kwa hiyo maziwa ni yenu na ndama ni wenu. Mwenye ng'ombe anapata nini?"

"Anapata utulivu, mzee."

Restituta alicheka mpaka akakaa chini. Hata mimi, kwa uchungu wangu wote, nilifunika mdomo na khanga.

"Sasa mwenyewe anamtaka ng'ombe wake," mzee akaendelea. "Amekuja na kamba."

"Kwa sasa utoaji umesimamishwa, mzee."

"Amekufa?"

"Hajafa. Amesimamishwa."

"Mwezi wa ngapi huu amesimama?"

"Mzee, ukweli kuna tatizo lilitokea. Wakaguzi walipofungua kapu, walikuta fedha za mataifa ni kidogo. Sehemu kubwa ilikuwa hati za kampuni yenyewe."

Wazee hawakuelewa, ikabidi arudie. Kampuni ilitakiwa kuweka dola na yuro kwenye kapu, ikaweka humo karatasi zake yenyewe, zilizoandikwa kwamba zina thamani. Mzee Hhando alifikiri kidogo.

"Yaani ng'ombe mmemfunga kwenye mkia wake mwenyewe."

Vicent alikata simu. Hajapokea tena mpaka leo, si ya Joakimu wala ya mtu mwingine Tumati.

Nilidhani nimeshinda. Kila mtu alikuwa upande wangu, nilisikia mpaka vijana wa josho wakimwita Joakimu "Mzee Kapu", jina analoitwa hata sasa anapopita dukani. Nikangoja hukumu. Hapo upepo wa jiweni ukavuma, na kifungo cha koti la Mzee Hhando, kile cha juu, kikaachia. Chini ya koti palikuwa na njano.

Mzee akajifunga taratibu, kama mtu anayefunga zizi ng'ombe wakiwa wameshatoka.

"Mzee," nikasema, "na wewe?"

"Kidogo tu," akasema. "Mabeberu wawili."

Hukumu ikatoka imelegea. Joakimu anadaiwa Kipaji na ndama wake, au ngozi yenye masikio, hilo mzee hakuweza kulikwepa, alishalisema mbele za watu. Lakini muda aliompa ulikuwa mpaka baada ya mavuno, kwa sababu, alisema, huenda kapu likafunguka. Mimi nilijua kwa nini anataka tusubiri. Hata mabeberu wake wawili walikuwa wamefungwa kwenye mkia ule ule. Mzee akimlazimisha Joakimu akiri kwamba ng'ombe amekufa, itabidi na yeye azike mbuzi wake. Hiyo ndiyo hekima niliyoipata Tumati.

Wakati naondoka, Restituta alinifuata mpaka njiani. Ana mtamba wake mmoja aliopewa na baba yake.

"Dada, mchukue wangu. Nimechoka kumwona mtu huyu akipanda jiwe."

"Huyo ni wako. Hukunikosea wewe."

"Lakini mimi ndiye ninayelala naye."

"Pole," nikasema, na tukacheka wote wawili, na sikumchukua. Nilirudi Endasak na kamba yangu begani. Kijana wa bodaboda aliniuliza ninauza kamba bei gani.

Baada ya mavuno Joakimu alikuja mwenyewe. Alikuwa amevaa shati la kanisani, na mkononi ana bahasha. Alisalimia vizuri, akakaa, akakubali uji. Akatazama boma langu lote, nguzo kwa nguzo.

"Umejenga vizuri, shemeji."

"Nimejenga la nani?"

Akafungua bahasha akatoa karatasi. Alikuwa amekwenda Mbulu mjini, kwenye duka la kuchapisha, akachapishiwa kile kilichoonekana kwenye simu yake, kwa rangi, na ikawekwa nailoni isilowe. Lile kapu, na chini yake mia nne na hamsini.

"Wazee walisema ngozi," akasema. "Kampuni imefungwa rasmi. Kwa hiyo tuseme amekufa. Hii ndiyo ngozi yake."

Niliichukua. Nikaigeuza nyuma, palikuwa peupe. Nikaigeuza mbele.

"Masikio yako wapi?"

"Shemeji, hiyo ni karatasi."

"Nimeona ni karatasi. Kipaji wangu sikio la kushoto lina mikato miwili. Nionyeshe."

"Namba haijapungua hata moja," akasema taratibu. Na nadhani hapo alikuwa anasema kitu anachokiamini. Pesa imekufa, kampuni imefungwa, kijana amekimbia, na Joakimu bado anashangaa kwamba mia nne na hamsini ni mia nne na hamsini. Mchungaji hodari, ng'ombe hawakupungua kwenye hesabu yake, walipungua bomani tu.

"Unalo dume lako la kulimia," nikamwambia. "Na wale ndama wawili niliowaona zizini kwako. Anza na dume."

"Dume nikilitoa nitalimia nini?"

"Mimi nililima kwa mkono miaka yote hii. Huo mkono hawauzi kwenye semina, lakini nitakufundisha bure."

Alikunywa uji akamaliza. Akasema kuna sarafu nyingine inakuja, ya watu waaminifu zaidi, yenye kapu la mataifa saba, na kwamba wenye Tulivu watapewa nafasi ya kwanza ya kuhamia. Nikachukua bakuli lake la uji nikaenda kuliosha, maana sikutaka mikono yangu ikae bure karibu naye.

Karatasi ile niliifunga kwenye nguzo ya boma, kwa kamba ile ile mpya, iliyokuwa haijafunga kitu. Nailoni ni nzuri kweli, mvua zote za masika zimeinyeshea na kapu linang'aa. Matete yangu nauza kwa jirani, kwa mzigo. Ng'ombe wake wanayala wananenepa, na akipita na ndoo ya maziwa huniuliza kama boma langu linakodishwa.

Basi anayesoma asikie. Vicent simdai, sikuwahi kumwona. Kampuni siidai, sijui ilipokaa. Mataifa matano siyadai, wala hayajui kama yalikuwa vigingi vya ng'ombe wangu. Nadai Kipaji, na ndama wake jike ambaye sasa angekuwa mtamba, na ndama ambaye Kipaji angemzaa masika haya. Nawadai wakiwa na miguu minne na masikio mawili kila mmoja. Anayedaiwa ni Joakimu wa Tumati, mdogo wa mume wangu, kwa sababu kamba nilimpa yeye.